Mkia wa mbwa ukiumia, usikimbilie panga

JE, msomaji mpenzi, umewahi kumsikia mbwa aliyebanwa mkia na geti la chuma? Hutoa kilio kimoja kirefu, kisha anaanza kuzunguka pale pale akiutafuta mkia wake kwa ulimi. Mimi nilikisikia kilio hicho jioni moja ya mvua hapa mtaani Buruburu. Kifungua mimba wangu, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa akiikimbia mvua, akalisukuma geti kwa nguvu. Simba, mbwa wetu, alikuwa nyuma yake kama kawaida.

Kufumba na kufumbua majirani walikuwa wamejaa uani, kila mmoja na dawa yake. Mmoja alisema tupake oili chafu ya gari. Mwingine alitaka tuukaze mkia kwa uzi wa katani ili damu isimame. Wa tatu, mzee tunayemheshimu sana, aliniambia: "Kijana, huo ni mkia tu. Leta panga ukate hapo palipopondeka, kesho atakuwa mzima."

Panga sikuleta. Lakini yale maneno ya "ni mkia tu" niliyaamini, na ndiyo yaliyoniponza. Nilimfunga Simba kitambaa, nikaingia ndani kula chajio.

Mkia ni mwendelezo wa uti wa mgongo. Ndani yake mna mifupa midogo midogo, ambayo kwa mbwa wengi hufika 20 hivi, pamoja na misuli, mishipa ya damu na ya fahamu. Kadiri unavyoelekea nchani ndivyo damu inavyofika kwa uchache na ngozi inavyozidi kuwa nyembamba. Ndiyo sababu kidonda cha nchani hukawia kupona kuliko cha paja. Isitoshe, mgonjwa mwenyewe hatulii. Akikuona unarudi kutoka kazini anautikisa, unagonga ukuta, kidonda kinafunguka upya. Wako mbwa wenye mikia mirefu ambao hujitia vidonda kwa furaha hiyo tu, na mwenye nyumba akabaki kushangaa matone ya damu ukutani yametoka wapi. Akichoka kuutikisa, anaulamba. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba mate ya mbwa ni dawa. Si dawa. Ulimi ule hukwangua ngozi changa na kuingiza vijidudu.

Tuseme basi yamekufika leo Jumapili, na daktari wa mifugo hapatikani mpaka kesho. Kwanza jilinde wewe na watoto, kwa sababu mbwa mwenye maumivu huuma hata mkono unaomlisha. Chukua tai kuukuu au utepe wa kitambaa, mzungushie mdomoni, upitishe chini ya kidevu kisha ufunge nyuma ya masikio. Usifanye hivyo ikiwa anatapika au anahema kwa shida, na mfungue mara tu umalizapo kazi. Bonyeza panapotoka damu kwa kitambaa safi, dakika tano hadi kumi, bila kuinua kila mara kuchungulia. Damu ikikoma, osha jeraha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu lita. Punguza manyoya yaliyo kando, funika kwa shashi safi, kisha zungusha bandeji bila kukaza. Ibadilishe kila siku, au mara inapolowa. Nzi wakipata nafasi, kidonda kitajaa mabuu.

Ili asilambe, kata kitako cha ndoo ndogo ya plastiki, kingo uzizibe kwa kitambaa, umvalishe shingoni. Atachukia siku mbili, kisha atazoea.

Spiriti na mafuta ya taa viache mbali na jeraha. Oili chafu nayo ni sumu, na mbwa ataimeza anapojilamba. Uzi wa katani huzuia damu yote, na sehemu iliyo mbele ya fundo hufa. Hapa niwaonye wazazi wenye watoto wadogo: ile mipira midogo ya kufungia noti, mtoto akimvalisha mbwa mkiani kwa mchezo, hufichwa na manyoya na hugunduliwa mkia ukiwa umeshaanza kuoza. Vidonge vyetu vya maumivu kama vile Panadol na Brufen usimpe kamwe. Vinaweza kumuua. Ama panga, huo ni ukatili, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, yaweza kukufikisha kortini.

Yako mambo yasiyongoja kesho. Ukiona mfupa, damu ikikataa kukoma, au mkia ukiwa baridi, mweusi na unanuka, tafuta daktari hiyo hiyo siku. Vivyo hivyo mbwa akishindwa kabisa kuuinua mkia huku mkojo ukimchuruzika. Huenda mishipa ya fahamu imevutwa shinani. Ikiwa jeraha limetokana na kuumwa na mbwa asiyejulikana, fikiria kichaa cha mbwa. Daktari aelezwe, hata kama mbwa wako huchanjwa kila mwaka. Na akimuuma mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitalini bila kuchelewa. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na mpango huo unategemea zaidi chanjo ya mbwa hawa hawa wa majumbani.

Nirudi kwa Simba. Siku ya nne, kabla hakujapambazuka, mwanangu alikuja kuniamsha. "Baba, Simba ananuka." Nilipofungua kile kitambaa changu, ncha yote ilikuwa nyeusi.

Tulimpeleka kwa pikapu ya jirani. Daktari hakunikemea. Alimdunga dawa ya usingizi, akaondoa karibu nusu ya mkia, akashona. Nilipomuuliza, alijibu kwa upole kwamba ningemleta siku ile ile, huenda angeshona tu. Njia nzima ya kurudi mtoto hakusema neno, hadi tulipofika getini. "Baba, ni mimi niliyemkata mkia?"

Nilimwambia kwamba geti lilichukua ngozi kidogo ya nchani. Kilichobaki kilichukuliwa na siku nne zangu.

Majuma mawili yaliyofuata yeye ndiye aliyechemsha maji, akapima chumvi, akanishikia ndoo ya shingoni nikibadilisha bandeji. Simba sasa hutikisa kipande kilichobaki pamoja na kiuno chote, na geti letu tumelifunga kipande cha mpira wa gurudumu ukingoni.

Wakazi wa Nairobi wasio na daktari wanaweza kwenda kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, au kwa chama cha KSPCA kwenye Barabara ya Lang'ata.

Jumapili ijayo: viroboto na mkeka wa mbwa.