Mbwa Akilala Kwa Joto Hatabweka? Wacheni Hizo

Kuna imani moja inazunguka kutoka Doldol, Nanyuki mpaka Nyeri, na sijui nani aliianzisha: ati mbwa wa ulinzi ukimtengenezea mahali pazuri pa kulala, atalegea na wezi wataingia. Kwa hivyo alale nje, afungwe mnyororo, baridi imfanye awe mkali. Nimeiskia kwa watu wazima wenye akili zao. Juzi niliposti video fupi ya kibanda cha mbwa, majibu yakawa ni hayo hayo, na wengine wakaongeza, "umeanza uzungu." Sawa. Tuongee.

Juni mpaka Agosti huku si mchezo. Tuko chini ya mlima wa mita 5,199. Saa kumi alfajiri wewe uko ndani na marvin, soksi mbili na blanketi, na bado unalia. Yeye yuko kwa simiti, mnyororo mfupi, na "nyumba" yake ni shiti ya mabati imeegemezwa kwa ukuta. Mabati usiku ni friji, wasee.

"Lakini ana manyoya." Manyoya gani? Yule unayeona kwa video za Marekani akicheza kwa theluji ni haski, manyoya yake ni tabaka mbili. Simba wako ana manyoya mafupi, anakula ugali wa mabaki mara moja kwa siku, na mbavu zake unaweza kuzihesabu ukiwa kwa geti. Joto la mwili linatoka kwa chakula. Na akinyeshewa, hata hayo manyoya kidogo hayashiki joto tena.

Sasa hiyo hoja ya ukali. Mbwa aliyeganda halindi kitu. Anajikunja, anaficha pua chini ya mkia, anatetemeka, na nguvu zake zote zinaishia hapo. Akizidiwa kabisa, hata kutetemeka anaacha. Hapo usiseme amezoea. Hapo ndio anaenda. Mbwa analinda na masikio na pua, na sijawahi kuona gunia kavu likiziba masikio ya mbwa.

Nenda kwa maboma ya wafugaji hapa nje ya Doldol uone. Mbwa hawana mnyororo. Wanajibanza karibu na zizi la mbuzi, kwa ile kona haina upepo, mwingine amelala kwa jivu la moto uliozimika. Fisi akikaribia, wote wako juu. Uzungu uko wapi hapo? Mgeni hapa ni mnyororo. Mbwa aliye huru atajitafutia pahali pa joto. Ukimfunga, umemnyang'anya hiyo akili yake, kwa hivyo hiyo kazi sasa ni yako. Na hata sheria iko, ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, tangu miaka ya 1960: kumtesa mnyama bila sababu ni kosa.

Mbona hakuna mtu anaita chanjo uzungu? Laikipia kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa ilianza 2015, na watoto wanavuta mbwa kwa kamba wakapange laini bila kulazimishwa. Kwa sababu kichaa kinatuua sisi. Baridi inamuua yeye peke yake, kwa hivyo tunatulia.

Hoja moja tu ndio naiheshimu: pesa hakuna. Na hapa nakasirikia pia zile peji za Nairobi zinauzia watu sweta za mbwa. Sweta ikilowa kwa mbwa anayelala nje, ni afadhali angekosa. Omba fundi mabaki ya mbao. Inua kibanda kwa mawe kisiguse chini. Kiwe kidogo, atoshee tu kugeuka, juu ya hapo joto linapotea. Mlango uangalie upande hauna upepo. Ndani weka gunia limejazwa nyasi kavu, na likilowa badilisha. Msimu huu mwongezee chakula. Usimwekee jiko la makaa kwa kibanda kilichofungwa, ile hewa yake inaua bila kelele, mbwa na watu. Na akionekana mgonjwa, usimpe dawa zako za maumivu. Zingine ni sumu kwake.

Kama una jike amezaa mwezi huu, hiyo ni dharura. Watoto wa mbwa wiki mbili za kwanza hawawezi kujipa joto wenyewe. Watu wanaamka wanapata watatu wamekauka, wanasema "ni ugonjwa." Ilikuwa simiti.

Kuna mwenye ploti mmoja hapa mjini, mbwa wake alipatikana asubuhi ya Julai amekufa, bado amefungwa. Kabla wiki iishe alikuwa ameleta mwingine, mdogo kuliko yule, akamfunga na mnyororo ule ule. Wapangaji walipomuuliza, akasema huyu atazoea. Mimi na majamaa wawili tumeshapata mbao na magunia mawili. Jumamosi tunaenda kwake, na mzee tutamsalimia kwa heshima zote, lakini kibanda kinajengwa.