Ufukwe wa Ziwa Si Kiwanja cha Mtu

Juni iliyopita, shule zilipofungwa, nilimchukua mke wangu na watoto wetu watatu tukaenda Kalinzi kumjulia hali mama yangu. Watoto walichuma kahawa kwa siku nne pamoja na bibi yao, vidole vikawanata kwa utomvu, na siku ya tano nikawaambia kwamba ahadi ni deni: tunakwenda ziwani.

Ahadi hiyo niliirithi. Nilipokuwa na umri wao, mtoto wa Kalinzi aliyefanya kazi shambani bila kunung'unika alijua ujira wake. Alipandishwa juu ya lori lililopeleka magunia ya kahawa mjini Kigoma, akatelemka milima yote akiwa ameketi juu ya jasho la wazazi wake, kisha akaenda kwa miguu hadi kwa mjomba wake mvuvi. Mama alitufungia maharage na ndizi za kumpelekea mjomba. Nasi tulirudi na dagaa na mawese. Mchana tulioga mpaka macho yakawa mekundu. Usiku tulikaa mchangani tukitazama karabai za wavuvi zikiwaka kule mbali, tukadhani ng'ambo ya pili pana mji mkubwa kuliko Kigoma. Hakuna aliyetuuliza sisi ni nani. Hakuna aliyetudai senti.

Safari hii tulipita barabara ya lami, matunda ya uhuru ambayo hatuna budi kujivunia. Tulipofika pale tulipopakumbuka, tulikuta ukuta wa matofali ya saruji ulioshuka kutoka njiani hadi ndani ya maji. Palikuwa na lango la chuma, na langoni kijana wa miaka kama ishirini.

"Shikamoo, kaka," alisema kwa adabu. "Kuingia ni kwa kulipa, na watoto pia wanalipa."

Nilimwuliza kwao ni wapi. Akanyoosha kidole kwenye nyumba zilizo nyuma yetu, upande wa pili wa njia. Nikamwuliza mama yake anafanya kazi gani. "Anaanika dagaa. Zamani alianika hapa hapa. Siku hizi anaanika kando ya barabara, magari yanamtimulia vumbi." Nilipouliza ukuta ni wa nani, kijana alitazama chini, akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni wa mtumishi wa serikali.

Sitamtaja mtu huyo, wala ufukwe huo. Ningemtaja, wasomaji wangemcheka yeye mmoja kisha wakalala usingizi. Shabaha ya makala haya ni tabia, na tabia hiyo imo miongoni mwetu sisi tuliosoma, tunaokaa maofisini na kushika mihuri, na tunaojua kiwanja gani kitapimwa kabla wanakijiji hawajakiona kigingi cha kwanza. Bepari wa zamani alitoka ng'ambo, tukamtambua kwa kofia yake. Huyu wa leo tumesoma naye darasa moja.

Yafaa tukumbushane mambo ya msingi. Mwaka 1958, kabla nchi haijajitawala, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu juu ya ardhi akipinga isigeuzwe bidhaa ya kuuzwa kwa mwenye fedha, kwa maana alijua kwamba maskini wangeishia kuwa wapangaji katika nchi yao wenyewe. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa milele uliorithiwa kwa wakoloni ukafutwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haikugeuka nyuma: ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia wote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari au ziwa. Sheria tunazo. Upungufu uko kwa watu waliokabidhiwa kuzisimamia, ambao baadhi yao ndio wanaojenga kuta.

Na tusidhani kwamba mita hizo 60 ziliwekwa kwa ajili ya watoto kuoga tu. Ziwa Tanganyika lina tabia zake. Ujiji, mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 palikuwa jirani na maji. Leo ni mwendo wa miguu hadi ufukweni, kwa kuwa maji yalishuka sana baada ya mwaka 1878, yalipozibua njia ya Mto Lukuga kuelekea Kongo. Tena ziwa hilo hilo lilipanda katika miaka ya 1960, na likapanda tena katika miaka ya 2020 na 2021, likaingia majumbani na bandarini, huku Kigoma na kule Bujumbura. Ajengaye ukingoni anajenga juu ya shamba la mwingine, na mwenye shamba hurudi bila kupiga hodi. Maji yakipanda, mwenye ukuta ataomba serikali imjengee kinga kwa fedha za yule mwanika dagaa aliyemfukuza.

Najua yatakayojibiwa. Watasema: huo ni uwekezaji, unaleta ajira. Ajira gani? Niliyoiona ni ya kijana mmoja kulipwa ujira ili awazuie majirani zake wasifike majini. Kwa upande mwingine wa mizani, mama wangapi wamepoteza uanikio? Wavuvi wangapi wamepoteza mahali pa kuvuta mitumbwi? Mwaka 2024 serikali ililifunga ziwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, na wavuvi waliubeba mzigo huo kwa faida ya taifa. Je, ni haki tumwambie mvuvi asivue kwa ajili ya vizazi vijavyo, kisha tumwachie mwenye fedha awafungie vizazi hivyo hivyo njia ya kufika ziwani? Hatupingi nyumba za wageni. Tunazihitaji. Zijengwe nyuma ya mita 60, na mbele yake mchanga ubaki wa watu wote.

Watasema tena: mbona Hifadhi ya Gombe ina mipaka na kiingilio? Swali hilo ni la haki. Gombe ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, wananchi wa vijiji vya jirani walijinyima ardhi na kuni. Lakini mpaka huo uliwekwa kwa sheria, mchana kweupe, na kilichohifadhiwa ni mali ya taifa zima. Ukuta niliouona mimi umehifadhi nini? Viti vya plastiki na jokofu la vinywaji.

Jibu la tatu ndilo linalotuuma, kwa sababu lina ukweli ndani yake: ufukwe ulipokuwa wazi ulikuwa mchafu. Ni kweli. Tumetupa chupa, tumejisaidia vichakani, na vikao vya kijiji vya usafi tumevikimbia. Lakini tangu lini dawa ya uchafu ikawa kunyang'anywa? Soko likiwa chafu hulifagia, humgawii mtu mmoja. Coco Beach ya Dar es Salaam hujaa watu kila Jumapili. Uchafu wake unahitaji mapipa na wafagiaji, wala haujawa sababu ya kuwafukuza makabwela.

Tujiulize pia tunatoka wapi. Makaburu wa Afrika Kusini walitunga sheria mwaka 1953 iliyowawezesha kugawa fukwe kwa rangi, huyu aoge hapa na yule asikanyage, na sheria hiyo haikufutwa hadi mwaka 1990. Nchi hii ilitoa mali na damu katika ukombozi wa kusini mwa Afrika. Kibao cha rangi kimeng'olewa huko. Itakuwa aibu kuu iwapo sisi tutasimika kibao cha fedha hapa kwetu, kwa mikono yetu, juu ya ziwa ambalo hakuna aliyelichimba.

Basi nini kifanyike? Kwanza, halmashauri za Kigoma zipime mita 60, zisimike vigingi na kutangaza hadharani njia za umma za kufika majini, na kila mwalo wa wavuvi na uanikio wa dagaa uwekwe kwenye ramani kabla ya kiwanja kingine kupimwa. Pili, mikutano mikuu ya vijiji isipitishe kipande cha ufukwe kwa kupewa mabati ya darasa. Darasa ni haki ya watoto, wala si bei ya ziwa lao. Tatu, watumishi wa umma wenye kuta ndani ya mita 60 wazibomoe wenyewe, na Chama kisiwaonee haya wanachama wake katika jambo hili. Kiongozi anayeuzungushia umma ukuta atawezaje kusimama jukwaani kuuongoza?

Na ninyi walimu, mnaojua kwamba wako watoto wa milimani wanaoliona ziwa kila siku kwa mbali na hawajapata kulitia mguu, wapelekeni. Wafundisheni kuogelea, na wafundisheni kufagia mchanga watakapoondoka. Mtoto aliyelijua ziwa hatakubali kwa urahisi kuambiwa kwamba si lake.

Siku ile sikulipa. Tulirudi hadi kwenye mwalo, tukawaomba wavuvi radhi, na watoto wakaoga katikati ya mitumbwi na nyavu, wakapanda juu wakinuka dagaa. Walifurahi sana. Lakini mwalo huo nao una mpaka wa ukuta upande mmoja, na upande wa pili niliona vigingi vipya.