Wahariri, msichukue video za vijana mkawaachia kesi

Na Mwende Kiilu

Juni 2025 ilituachia vifo viwili jijini Nairobi, kila kimoja na funzo lake kuhusu kamera.

Usiku wa kuamkia Juni 8, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu aliyetolewa Homa Bay kwa sababu ya chapisho lililomtaja Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, alifariki akiwa kizuizini katika Kituo cha Polisi cha Central. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha alipigwa na kukabwa shingo. Kamera za kituo hazikusaidia: Mamlaka ya Kuangalia Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliwaambia maseneta kwamba zilikuwa zimevurugwa.

Juni 17, mwendo mfupi tu kutoka kituo hicho, polisi alimpiga mchuuzi wa barakoa risasi ya kichwa katika barabara ya Moi Avenue. Ilikuwa mchana, mbele ya kamera za wanahabari na simu za wapita njia. Kijana huyo alifariki kabla ya mwezi kuisha. Hakuna aliyethubutu kusema alijigonga mahali. Afisa alikamatwa na baadaye akashtakiwa kwa mauaji.

Tangu hapo nimesikia wahariri wengi wakiwasifu vijana wanaopiga picha na kupeperusha matukio mubashara. Sifa hizo ni za haki, lakini hazimtoi mtu korokoroni. Ninachodai leo ni kwamba chombo cha habari kinachotumia kazi ya kijana wa mtandaoni katika upekuzi kimchukue kama mshirika, kwa mkataba, kwa malipo na kwa wakili.

Ushirikiano wa aina hii unazaa matunda, na mfano bora tunao. Juni 25, 2024, waliopinga Mswada wa Fedha walipoingia Bunge, kila upande ulikuwa na simu inayorekodi. Video hizo zilisambaa, tukalia, tukaghadhabika, kisha nyingi zikazama chini ya nyingine. Aprili 2025 BBC Africa Eye ikatoa filamu ya Blood Parliament. Wapekuzi wake walikuwa wamechambua picha zaidi ya 5,000 za siku ile. Walilinganisha taarifa zilizomo ndani ya faili, muda wa matangazo ya mubashara, hata saa za barabarani zilizoonekana nyuma ya watu, hadi wakajua nani alisimama wapi, dakika gani, na risasi ilitoka upande upi. Baadhi ya maafisa waliofyatua risasi wakatambuliwa. Waliokuwa barabarani walikuwa na macho. Chumba cha habari kilikuwa na muda, mbinu na subira. Hakuna upande ambao ungefika pale peke yake.

Sasa tazama nani alilipa gharama. Onyesho la filamu hiyo lililopangwa katika sinema ya Unseen, Kilimani, lilifutwa kwa shinikizo la mamlaka. Mapema Mei, watengenezaji filamu wanne wa Nairobi walikamatwa na vifaa vyao kuchukuliwa, ingawa BBC ilisema hawakuhusika na filamu hiyo hata kidogo. Waliachiliwa bila mashtaka. Septemba, watafiti wa Citizen Lab nchini Canada walieleza kwamba simu mbili kati ya vifaa hivyo zilikuwa zimewekewa programu ya kijasusi ya FlexiSPY zikiwa bado mikononi mwa polisi. Shirika kubwa lina mawakili London na Nairobi. Kijana anayehariri video chumbani kwake Kawangware au Kangemi ana nini?

Najua pingamizi la wahariri, na lina uzito. Mtandaoni kuna wanaouza sauti zao. Mwaka 2021 utafiti uliochapishwa na Wakfu wa Mozilla ulionyesha jinsi Wakenya walivyolipwa kati ya dola 10 na 15 kwa kampeni moja ya kusukuma hashtegi za kuwachafua majaji na wanaharakati. Mtu wa namna hiyo hafai kukaribishwa katika upekuzi. Lakini vyombo vikuu navyo vinajua uzito wa pesa ya tangazo: Machi 2024 serikali iliamuru matangazo yake ya redio na televisheni yaende kwa shirika lake la utangazaji, KBC, pekee, na kila mhariri alielewa ujumbe. Vishawishi viko pande zote mbili. Kinachomtofautisha mpekuzi na mpiga domo ni utaratibu wa kazi, na utaratibu hufunzwa.

Kwa hiyo vijana nao wana wajibu. Faili ya kwanza kutoka kwenye kamera isiguswe: isiwekewe muziki, isikatwe, isitegemee nakala iliyopita WhatsApp, kwa sababu huko taarifa za ndani hupotea. Mahakama zetu zinataka cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kwa rekodi za kielektroniki, na mwenye faili asilia ndiye anayeweza kukitoa kwa urahisi. Anayetuhumiwa apigiwe simu kabla ya video kupandishwa. Na sura ya shahidi anayeogopa ifichwe, hata kama video itapoteza watazamaji.

Vyombo vya habari visifikiri vinawafanyia vijana hisani. Desemba 2007 serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, wanablogu ndio walioendelea kuandika, na mapema 2008 baadhi yao wakaunda Ushahidi, ramani iliyopokea taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi kwa SMS na mtandao. Juni 25, 2025, siku ya maandamano, Mamlaka ya Mawasiliano ilirudia amri ile ile, mitambo ya NTV, KTN na K24 ikazimwa hadi Mahakama Kuu ilipoingilia kati. Saa hizo nchi ilitazama jiji lake kupitia simu za vijana. Ikizimwa tena, mtawahitaji tena.

Sheria nayo inazidi kubana. Oktoba 2025 Rais alitia saini marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vifungu. Anayesubiri hukumu ya kesi hiyo kwa hofu kubwa zaidi ni yule asiye na kampuni nyuma yake.

Ninapendekeza mambo matatu. Kila chombo kiwe na mkataba mfupi, kwa Kiswahili, unaosema nani atatajwa, nani atafichwa, atalipwa kiasi gani na wakili gani atampokelea simu saa nane usiku. Baraza la Vyombo vya Habari lifungue mlango wa kumsajili mtayarishaji huru anayekubali kufuata kanuni za maadili, ili awe na kitambulisho anaposimamishwa Moi Avenue. Na vyumba vya habari viwafunze vijana hawa uhakiki bila malipo, kwa sababu vitafaidi kazi yao.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Kabla ya hapo kutakuwa na mikutano, maandamano, pesa zitakazogawanywa gizani na, Mungu aepushe, risasi. Mikataba hii iandikwe na kutiwa saini sasa, wakati bado kuna utulivu wa kuisoma.