Ukumbusho juu ya gunia la unga

Akitajwa mchoraji wa vita, wengi humwona mtu aliyejibanza handakini akichora huku risasi zikimpita. Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi hakuwa huyo. Alizaliwa mwaka 1947. Katanga ilipojitenga na Kongo, Julai 1960, alikuwa bado mtoto. Vita vilimpitia kwanza, brashi ikaja baadaye.

Ndiyo hoja ya toleo hili: kazi kubwa ya mchoraji wa vita huanza bunduki zikishanyamaza.

Miaka ya 1970, Tshibumba alichora juu ya magunia ya unga na kuwauzia watu wa mjini picha za kutundika sebuleni. Walionunua walikuwa wameishi miaka ileile aliyoiishi yeye. Picha hizo ziliitwa ukumbusho, kwa Kiswahili cha Shaba (jina la Katanga enzi hizo), na neno hilo lilibeba uzito wake: ukutani palikaa kitu cha kuanzishia mazungumzo wageni wakija. Nguva wa utajiri, mamba muntu, naye alikuwa na wateja wake. Mchoraji lazima ale.

Lakini Tshibumba alijiita mwanahistoria. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha zaidi ya 100, historia ya nchi nzima, kisha wakazijadili kwa Kiswahili, sauti zikirekodiwa. Humo wamo wagomaji wa kampuni ya migodi ya Union Minière waliopigwa risasi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwezi Desemba 1941, wakati vita vya dunia vikiililia shaba ya Katanga. Yumo Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyeuawa Katanga pamoja na wenzake Mpolo na Okito tarehe 17 Januari 1961. Mauaji hayo yalifanywa usiku, porini, mbali na macho ya watu. Tshibumba aliwachora marehemu hao watatu, na nyuma yao misalaba mitatu.

Mhakiki mkali atauliza misalaba hiyo imetoka wapi. Imetoka mjini, ambako kifo hicho kilifika kama habari ya kunong'onezana, na watu wakakielewa kwa kisa cha mateso walichokijua tangu kanisani. Anayetaka kujua risasi zilitoka upande gani ana ripoti za tume. Anayetaka kujua Lubumbashi ilikibeba vipi kifo kile atazame gunia.

Vita vilirudi Shaba mwaka 1977 na tena 1978. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari za Tshibumba zilikatika, wala hakuonekana tena. Picha alizomchorea Fabian zimehifadhiwa makumbushoni, Amsterdam.