Mbegu ya Chini ya Gunia



Kiangazi kinakwisha. Miti ya miombo imekwisha kuvaa majani mapya mekundu, ijapokuwa tone la mvua halijaanguka bado. Hapa Kipushi majembe yananolewa, mashamba yanafyekwa, na katika kila nyumba mama anapima kwa macho kilichobaki ghalani. Mvua ya kwanza itatukuta katika mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Kabla haijafika, wazee wetu walikuwa na desturi moja ambayo haikuhitaji kuhubiriwa: walipeana mbegu. Huyu alitoa maharage, yule karanga. Mwingine alileta mbegu za lengalenga zilizofungwa katika kitambaa, akarudi nyumbani na mbegu za maboga. Napenda kuwaomba muirudishe desturi hiyo katika vikundi vyenu. Lakini napenda pia kuwaonya, kwa kuwa kutoa mbegu si jambo jepesi kama linavyoonekana. Niliwahi kutoa vibaya, na mtu mwingine ndiye aliyelipa.

Ilikuwa miaka kadhaa iliyopita. Mama mmoja mjane wa jumuiya yetu ya msingi alibaki bila mbegu. Mtoto wake aliugua katikati ya kiangazi. Mahindi yakauzwa ili kulipia dawa, na yaliyosalia, pamoja na yale yaliyotengwa kwa kupanda, yakaliwa. Akaja kwangu mimi katekista, niliyekuwa nimeeleza Jumapili iliyotangulia mfano wa mpanzi. Nikaingia ghalani. Kulikuwa na magunia mawili. La kwanza lilikuwa na mahindi niliyoyachagua wakati wa mavuno, masuke makubwa yasiyo na doa. La pili lilikuwa limekaa chini, limeguswa na unyevu, na ukiligusa lilidondosha unga wa fukusi. Nilichota meka mbili kutoka gunia la pili. Nikajiambia kwamba mwenye shida hachagui, na kwamba kupewa kibaya ni afadhali kuliko kukosa. Mama yule alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akanishukuru kwa jina la Bwana.

Majuma matatu baada ya mvua kuanza alirudi. Hakunilaumu. Alisema tu: "Mwalimu, mbegu haikuota. Labda udongo wangu umechoka." Nilijua kwamba udongo wake haukuwa na kosa. Nikampa mbegu nyingine, njema mara hii, lakini sikumwambia ukweli. Alipanda kwa kuchelewa, na mvua zikakatika kabla mahindi yake hayajakomaa.

Tangu mwaka ule nimefikiri sana juu ya tofauti iliyopo kati ya kutoa chakula na kutoa mbegu. Ukimpa jirani unga ulioharibika, atajua jioni ile ile, sufuria ikiwa bado jikoni. Ukimpa mbegu iliyokufa, hatajua mpaka mvua imekwisha kunyesha, shamba limekwisha kulimwa na mgongo umekwisha kuuma. Kwetu Katanga majira ya mahindi ya mvua ni mara moja kwa mwaka. Ambaye mbegu yake haikuota hapotezi mlo mmoja. Anapoteza mwaka mzima. Mbegu ni ahadi, na uongo wa ahadi hiyo hujulikana wakati ambapo ni vigumu kuurekebisha.

Maandiko yanalijua kosa langu. Habeli alimtolea Mungu wazaliwa wa kwanza wa kundi lake. Kaini alileta tu sehemu ya mazao yake. Nabii Malaki aliwakemea makuhani waliopeleka altareni wanyama vipofu na viwete, wale ambao wasingethubutu kumpelekea mtawala wao. Tunasoma habari hizo na kudhani kwamba zinahusu altare peke yake. Zinahusu pia ghala. Sadaka ya mabaki, hata ikitolewa kwa tabasamu, inamwambia aliyeipokea anathaminiwa kiasi gani.

Nanyi vijana mnaye shahidi wa jambo hili aliye karibu nanyi kwa umri na kwa nchi. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, mwanajumuiya wa Sant'Egidio, akifanya kazi mpakani katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Mwaka 2007 alikataa rushwa ya watu waliotaka kupitisha mchele ulioharibika. Aliuawa akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza mwenye heri. Yeye hakumjua hata mmoja wa wale ambao wangeula mchele ule. Aliona tu kwamba mtu maskini hapaswi kuuziwa sumu kwa sababu hana uwezo wa kuikataa. Sisi pia tunaishi katika mji wa mpaka, na mara nyingi humwomba mwenyeheri huyo atuombee dhidi ya ulaji rushwa wa wakubwa. Mimi nilijifunza kumwomba pia dhidi ya gunia langu la pili.

Labda mtauliza kwa nini desturi ya kupeana mbegu ilififia mjini kwetu. Jibu moja liko chini ya miguu yetu. Tangu miaka ya 1920 Kipushi iliishi kwa mgodi, kwanza wa Union Minière, kisha wa Gécamines. Mfanyakazi alipata mshahara pamoja na posho ya unga, na anayeletewa unga husahau upesi jinsi ya kutunza mbegu. Mgodi uliposimama mwaka 1993, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoacha kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, familia nyingi zilishika jembe. Wengi walikuwa na nguvu na nia njema, lakini hawakuwa na mbegu.

Tumezoea pia kutazama ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa mahindi mengi yanayoliwa Haut-Katanga hutoka Zambia. Mwaka 2024 ukame uliipiga nchi hiyo hata serikali yake ikatangaza janga la taifa. Jirani aliye na njaa hawezi kutuuzia chakula, wala hatuwezi kumlaumu. Mwaka huo huo mgodi wetu ulianza tena kutoa zinki, na wengi wenu mnaomba kazi huko. Mungu awafungulie mlango. Hata hivyo mwenye mshahara hununua unga pale tu unga unapopatikana. Bukari haipikwi kwa noti za frangi.

Wako watakaosema: nyakati zimebadilika, mbegu bora hununuliwa dukani. Siwapingi. Mahindi chotara yaliyotayarishwa vizuri huzaa sana, na mwenye fedha na mbolea anafanya vema kuyapanda. Lakini watoto wa chotara hawafanani na mama yao: ukizipanda punje ulizovuna kutoka kwake, mavuno hupungua na mimea huwa ya namna mbalimbali. Kwa hiyo mbegu hiyo hununuliwa upya kila mwaka, na asiye na fedha mwezi wa kumi hana shamba. Maharage na karanga ni tofauti. Ua lake hujichavusha lenyewe, na mtoto humfuata mzazi. Mbegu za namna hiyo zinaweza kupita kutoka mkono hadi mkono kwa miaka mingi bila kupoteza tabia yake. Duka lina kazi yake, na jirani naye ana kazi yake ambayo duka haliwezi kuifanya.

Tena, uhuru huu wa kupeana mbegu msiudharau. Nchini Kenya, sheria ya mbegu iliyorekebishwa mwaka 2012 ilimtishia mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizoandikishwa kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1. Wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani kuipinga. Mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos iliamua kwamba vifungu hivyo vinavunja katiba. Wakulima wale walivumilia miaka ya kesi ili waweze kufanya bila hofu jambo ambalo sisi tunaliacha kwa uvivu tu.

Sasa nirudi kwa mama yule, maana habari yake haikuishia pale nilipoiacha. Miaka miwili baadaye maharage yangu yaliozea shambani kwa wingi wa mvua. Kiangazi kilipokwisha sikuwa na mbegu hata ya kujaza kiganja. Sikumwomba, alisikia kwa wengine, akaja na chupa iliyojaa maharage yaliyochanganywa na majivu. Akasema: "Haya niliyachagua mimi mwenyewe, Mwalimu. Yenye madoa tumekwisha kuyala."

Niliishika chupa ile nikaona haya. Ndipo nilipomweleza habari ya gunia la pili. Alikaa kimya kwa muda, kisha akajibu: "Nilijua. Siku ile ile nilizivunja punje mbili kwa meno, nikakuta ni tupu."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu: "Ulikuwa mwalimu wetu. Tena sikuwa na nyingine za kupanda."

Neno hilo limenifundisha kuliko mafungo mengi. Nilidhani kwamba kosa langu lilifichika kwa sababu yeye hakujua. Kumbe lilifichwa na heshima yake na ufukara wake. Anayepokea kwetu mara nyingi anaona kila kitu, ila hana nafasi ya kusema. Kwa hiyo haitoshi kuwahimiza watu wawe wakarimu. Yatupasa kuupanga ukarimu wetu hivi kwamba mpokeaji aweze kutazama, kuuliza na hata kukataa, bila kuonekana hana shukrani.

Haya basi ndiyo ninayoyapendekeza kwa vikundi vyenu, Kiro, Xaveri na vingine vyote. Chagueni Jumapili moja kabla ya mvua. Baada ya Misa, wekeni meza nje ya kanisa, mbegu zikiwa wazi katika vyombo, na kila chombo kiwe na karatasi inayosema ni mbegu gani, ilivunwa mwaka gani, katika shamba la upande gani, na kama ni chotara. Lakini juma moja kabla ya siku hiyo, zipimeni. Twaeni punje 10, zifungeni katika kitambaa chenye unyevu, zitunzeni mahali penye joto, na baada ya siku saba hesabuni zilizoota. Zikiota 8 au zaidi, toeni kwa furaha. Zikiota 5, andikeni hivyo kwenye karatasi, ili anayechukua ajue kwamba atapanda nyingi zaidi katika kila shimo. Zikiota 2, msizilete. Msilete pia vipande vya miti ya muhogo iliyotoka katika shamba lenye majani yaliyojikunja na kupata mabaka, kwa maana ugonjwa husafiri ndani ya mti wenyewe, na zawadi hiyo itaharibu shamba la rafiki yako.

Asiye na kitu naye aje, achukue kama wengine. Asiandikwe katika daftari la wadeni. Akivuna, atarudisha kiasi kile kile mwaka ujao, kwetu au kwa mwingine mwenye haja. Na asipovuna, asiulizwe mbele ya watu. Mwombeni padri azibariki mbegu hizo, kwa kuwa Kanisa lina sala maalumu kwa ajili hiyo. Baraka haitafufua punje iliyotobolewa na fukusi. Itatukumbusha kwamba Mungu ndiye anayeotesha, na kwamba kazi tuliyoachiwa sisi ni kuchagua vizuri na kusema kweli.

Nimekwisha kusikia kijana mmoja akisema kwamba yeye hana cha kutoa, kwa sababu shamba ni la wazazi. Basi na aanze na kazi ya kuchagua. Aketi na mama yake jioni, sinia likiwa katikati yao, watenge maharage mazima upande mmoja na yenye madoa upande mwingine. Yenye madoa yataingia chunguni usiku huo huo. Yale mazima yatakuwa mawili: fungu la shamba lao, na fungu la mtu ambaye pengine hawajamjua bado. Nawaomba mafungu hayo mawili yatoke katika sinia moja.