Tupeni diski moja kila wadi, tuwatengenezee walimu programu

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi kule Rongai (Rongai yetu ya Nakuru, si ile ya Kajiado) alinipigia simu mwezi wa pili akaniuliza swali ambalo limenila wikendi nne.

Shule yao ina kompyuta moja kuukuu iliyowekwa Kolibri. Watoto wanaingia kwa vile vishikwambi vya serikali, kila kitu kinazunguka humo humo darasani, intaneti haipo na wala haihitajiki. Kama hujawahi kuisikia, Kolibri ni programu ya bure ya masomo kutoka shirika la Learning Equality la Marekani, na iliundwa mahsusi kwa shule za aina hiyo. Masomo yanabebwa kwa flashi, unayamwaga kwenye kompyuta, kazi imeisha. Hata Kiswahili kimo.

Shida ya mwalimu ni moja tu. Ripoti za majaribio zinamwonyesha asilimia, na yeye anatakiwa kujaza viwango vinne vya CBC: anazidi matarajio, anafikia, anakaribia, yuko chini ya matarajio. Kwa hivyo kila Ijumaa jioni anakaa na kalamu akigeuza 68 kuwa maneno, mtoto baada ya mtoto, darasa zima. "We kijana, si ulisomea kompyuta?"

Nilisomea mihula mitatu, karo ikakataa, nikatoka. Lakini swali lake nililielewa vizuri, na jibu lake linawezekana. Kolibri ni ya chanzo huria, maana yake msimbo wake uko wazi na yeyote anaruhusiwa kuuchukua na kuubadilisha. (Nasema msimbo kwa sababu nikisema kodi, mamangu anadhani KRA wamenifikia.) Kazi yenyewe ni ya mistari michache. Nikamwambia mwalimu anipe wiki moja.

Hapo ndipo nilipojidanganya. Kabla ya kugusa mstari hata mmoja, lazima kwanza uandae mahali pa kufanyia kazi. Unahitaji Git ya kuchukulia msimbo, Python ya upande wa seva, Node.js ya upande ule ambao mtoto anauona, na ni lazima yawe matoleo wanayoyataka wao, si lolote ulilo nalo. Ukimaliza hapo, Python na Node.js nazo zinaita jamaa zao: vifurushi vidogo vidogo, mamia kwa mamia, kila kimoja kikivutwa kutoka mtandaoni. Kimoja kikikatika katikati, wakati mwingine unaanza upya.

Lapi yangu ni ex-UK ya RAM GB 4, betri inashika dakika ishirini ukiwa na bahati. Nilinunua bando ya GB 1 ya saa moja, ikaisha vifurushi vikiwa nusu. Nikaongeza nyingine. Stima ikapotea Kaptembwa nzima. Wikendi ya kwanza ikaenda hivyo, na pesa ya kinyozi ikaenda nayo.

Hebu fikiria kinaya hicho. Programu iliyoundwa kwa ajili ya mtoto asiye na intaneti inataka intaneti ya kumwaga kutoka kwa yule anayetaka kumrekebishia. Mtoto wa Rongai amefikiriwa, na nashukuru. Kijana wa Kaptembwa anayeweza kumsaidia hakufikiriwa na mtu, na silaumu Wamarekani kwa hilo. Hiyo ni kazi yetu.

Kwetu tumezoea kuhesabu vifaa. Mwaka wa 2013 tuliahidiwa vipakatalishi vya darasa la kwanza. Kufikia 2016 ahadi ikawa vishikwambi, vikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Moi na JKUAT pamoja na kampuni za kigeni, na zaidi ya milioni moja vikafika katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Mwaka wa 2022 KICD ikaidhinisha masomo ya kuandika programu ya Kodris Africa. Vyote vizuri. Lakini nionyeshe mahali katika mipango hiyo palipoandikwa kijana wa mtaani atatengeneza programu hizo za masomo kwa kutumia nini. Sisi tumewekwa upande wa kupokea. Halafu kwenye mikutano ya vijana tunaambiwa tuache visingizio, YouTube ni ya bure. Bure kwa nani?

Ninachotaka ni kidogo sana. Kaunti ya Nakuru ina wadi 55. Kila wadi ipewe diski moja ya nje ya TB 1, ikae maktabani, kwa chuo cha kiufundi, au kwa hata saiba ambayo mwenyewe amekubali. Ndani yake ziwemo Git, Python na Node.js za Windows na Linux, msimbo wa Kolibri na wa Moodle, na vifurushi vyote ambavyo programu hizo zinaita. Ziwemo Scratch na masomo ya Python kwa wale wanaoanza.

Hili si jambo la kubuni upya. Git inanakili kutoka kwa flashi vile vile inavyonakili kutoka mtandaoni. Pip, ile inayokusanya vifurushi vya Python, unaweza kuiamrisha isitoke nje kabisa, itafute kwenye folda uliyoipa. Yarn ya upande wa Node.js ina njia yake ya kuweka akiba kama hiyo. Na hata ukiwa na bando, mwambie Git achukue toleo la mwisho peke yake bila historia ya miaka yote. Mimi sikujua, nikavuta historia ambayo hadi leo sijaifungua.

Mtu mmoja mwenye faiba anasasisha diski mara moja kwa mwezi, nyingine zinanakiliwa kutoka kwake. Hiyo ni pesa ya chai ya warsha moja.

Najua nitaambiwa kuna vituo vya kidijitali vinakuja, 1,450 nchi nzima, kila wadi na chake. Vije. Mahali pa wi-fi ya bure nilipojaribu tulikuwa watu kama thelathini tukigawana, wengi wakitafuta kazi za mtandaoni, na mimi nikivuta vifurushi vyangu nilikuwa nawanyima wao riziki. Diski haimnyimi mtu. Wengine watasema siku hizi unaandika programu ndani ya kivinjari, kompyuta yenyewe iko ughaibuni. Kweli, mpaka bando ikatike, ubaki unatazama duara likizunguka.

Mwishowe tulijipanga wenyewe, wasee watano. Mmoja anafanya kazi Section 58 kwenye ofisi yenye faiba. Alikaa baada ya saa za kazi, kwa ruhusa ya bosi, akakusanya kila kitu kwenye flashi ya GB 64. Flashi ikaja Kaptembwa. Jumamosi usiku nikaandika amri ya mwisho, nikafungua kivinjari kwa 127.0.0.1:8000, Kolibri ikafunguka kutoka kwenye msimbo wangu mwenyewe, data ya simu ikiwa imezimwa. Kubadilisha asilimia kuwa "anakaribia matarajio" kulinichukua jioni mbili.

Bado haijafika shuleni. Kutengeneza faili ambayo mwalimu ataisakinisha bila kuniita kunahitaji vifurushi vingine, na lapi yangu inalia. Juzi amepiga tena kuuliza kama muhula wa pili itakuwa tayari. Nikamwambia nangoja flashi, imeenda Njoro kwa msee mwingine, inarudi na matatu ya kesho.