Mafowadi Wafunzwe Kufikiri, Si Kugonga Tu

Msimu wa raga ya shule unapoanza, makocha wengi wetu huwagawa wavulana kwa kuwatazama kwa macho tu. Wembamba wenye kasi hupelekwa upande mmoja wa uwanja wakafunzwe pasi, mateke na mbinu. Wanene na warefu hupelekwa upande wa pili wakasukume skramu na kugonga magunia. Kufikia kidato cha nne, kijana wa kilo mia moja anajua kutumia bega lake, lakini hajawahi kuulizwa hata siku moja anaona nini uwanjani. Nimewafunza mafowadi, yaani wachezaji hao wa kusukuma mbele, kwa miaka mingi katika shule ya kutwa hapa Nakuru, na ninasema bila kuficha: tunawadhulumu vijana hawa.

Wanaobisha ninawaelekeza kwa Arthur Beetson wa Australia. Hakupata jina katika raga yetu ya wachezaji 15. Yake ilikuwa ile ya wachezaji 13, iliyoanza mwaka 1895 vilabu vya kaskazini mwa Uingereza vilipojitenga, vikitaka wachimba migodi na wafanyakazi wa viwandani walipwe fidia ya mshahara waliokosa walipoenda kucheza. Tangu mwanzo ulikuwa mchezo wa watu wa jasho, na mafowadi wake sita ndio wanaobeba mzigo mzito zaidi.

Katika raga hiyo, mchezaji akikabwa na kuangushwa, mchezo husimama kidogo, naye huinuka na kuurudisha mpira nyuma kwa mguu. Timu ina nafasi sita tu za kukabwa kabla ya kuupoteza mpira. Huko Australia, sheria ya kuhesabu ilianza na nafasi nne mwaka 1967, zikawa sita mwaka 1971. Hapo ndipo fowadi mwenye akili anapopata thamani. Akiwavuta wakabaji wawili au watatu, kisha akatoa pasi kabla hajaanguka, nafasi moja imeokolewa, na huko walikotoka wakabaji hao kumebaki pengo. Jambo hilo linahitaji mikono laini, macho ya haraka na moyo wa kungoja hadi nukta ya mwisho. Beetson, jitu la watu, alilifanya kuliko yeyote wa kizazi chake.

Alizaliwa mwaka 1945 katika mji wa Roma, nchi ya wafugaji wa ng'ombe kusini magharibi mwa jimbo la Queensland, mwenye damu ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Mwaka 1966 aliichezea timu ya taifa dhidi ya Uingereza. Tafakari mwaka huo. Katiba ya Australia ilikuwa bado inasema Waaborijini wasihesabiwe katika idadi ya watu wa nchi. Kura ya maoni iliyokifuta kifungu hicho ilipigwa mwaka 1967. Kijana huyu alivaa jezi ya nchi ambayo sheria yake kuu haikuwahesabu watu wake.

Hata alipokwisha kuivaa, sifa ya uvivu ilimwandama. Walimwita mchezaji wa nusu mechi. Walizungumzia tumbo lake na chakula chake kuliko pasi zake. Klabu yake ya Balmain ilipotwaa ubingwa wa Sydney mwaka 1969, yeye hakucheza fainali kwa sababu alikuwa amefungiwa baada ya kutolewa uwanjani. Wengi wangemfunga hapo katika fungu la wenye nguvu wasio na nidhamu, na jina lake lingepotea.

Klabu ya Eastern Suburbs ilimchukua mwaka 1971, na hatimaye ikamkabidhi unahodha. Chini ya kocha Jack Gibson walishinda ubingwa mwaka 1974, wakaurudia mwaka 1975 kwa kuwafunga St George 38-0 katika fainali. Kwa nchi yake pia, mwaka 1973, alikuwa Mwaborijini wa kwanza kuwa nahodha wa timu ya taifa ya Australia katika mchezo wowote. Fowadi wa mstari wa mbele ndiye aliyekuwa akisoma mchezo na kuamua kwa niaba ya wote.

Kilele chake, kwangu mimi, ni usiku wa Julai 8, 1980, uwanjani Lang Park, Brisbane. Kwa miaka mingi vilabu tajiri vya Sydney vilikuwa vikiwanunua wachezaji wa Queensland, kisha wachezaji hao hao wakiichezea New South Wales, jimbo la Sydney, dhidi ya kwao. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, kila mmoja alirudi katika jimbo alikoanzia raga. Beetson alikuwa na miaka 35, na klabu yake ya Parramatta ilikuwa ikimchezesha kikosi cha akiba. Queensland ilimpa unahodha, akaiongoza kushinda 20-10. Baadaye akawa kocha wake, ikashinda mfululizo wa mwaka 1982, wa 1983 na wa 1984. Mtu hafundishi kwa mafanikio kama hayo kwa nguvu za mabega.

Makocha wenzangu hunijibu kwamba propu, yaani fowadi wa mstari wa mbele, akiruhusiwa kutoa pasi ataupoteza mpira, na mashindano ya shule hayana huruma. Ninaielewa hofu hiyo, kwa maana nami ninaulizwa matokeo na mwalimu mkuu. Lakini propu anaupoteza mpira kwa sababu hatujamfunza kuushika. Tunamnyima mazoezi, halafu ubovu wake tunaugeuza ushahidi kwamba hafai kufunzwa. Na ile 38-0 inaonyesha kwamba timu inayomruhusu fowadi kutoa pasi inaweza pia kuulinda mstari wake mechi nzima.

Katika mashindano fulani, mtu mzima alimfokea propu wangu mbele ya wenzake: "Wewe kazi yako kusukuma, mpira waachie wanaojua!" Yule kijana hakugusa mpira tena siku hiyo. Mwanafunzi anayeambiwa hadharani kwamba mwili wake ndio thamani yake yote hubeba maneno hayo hadi darasani. Nimewaona wakikaa nyuma, wakiacha kuinua mkono, kwa kuwa tumeshawaeleza kazi yao ni ipi.

Siku hizi mazoezi yetu huanza na mchezo wa watatu dhidi ya wawili katika eneo dogo, na anayeamua mpira uende wapi ni propu. Baada ya mechi, mafowadi ndio wanaozungumza kwanza: ulinzi ulilegea wapi, nani alichoka, nafasi ilikuwa upande gani. Mwanzoni walinyamaza. Sasa wananieleza mambo ambayo mimi pembeni siyaoni, kwa sababu wao wako katikati ya vurugu na wanasikia pumzi za wapinzani.

Ninawaomba makocha wa shule na walimu wa michezo mambo mawili yasiyogharimu hata shilingi. Kwanza, hadi kidato cha pili, kila mvulana na kila msichana afunzwe pasi, mateke na mbinu zote bila kujali uzito wake. Pili, tunapochagua nahodha, tusimruke fowadi kwa mazoea.

Mwaka 2003 Beetson aliingizwa katika kundi dogo la wachezaji ambao raga ya Australia huwaita Wasiokufa, akiwa wa saba. Alifariki mwaka 2011. Hapa kwetu kuna vijana wenye miili kama yake, na wengi wana vichwa vya kuutosha mchezo huu. Kabla ya kuwapa gunia la kugonga, tuwape mpira, kisha tuwaulize wanaona nini.